Bangi Yangu na Nyumba ya Shangazi Mbeyu

Kama unavuta bangi kila siku, na umevuta miaka mingi, na siku hizi unaamka ukitapika, na kitu pekee kinachokutuliza ni kuoga maji ya moto, basi kinachokuumiza ni bangi. Iache. Hilo ndilo nililokaa kitako kuliandika, na mwenye haraka anaweza kuishia hapa. Mimi hakuna aliyeniambia mapema. La, huo ni uongo, na nimeapa nisiseme uongo tena katika jambo hili. Niliambiwa mapema, tena na watu wawili, nikajifanya sikusikia.

Naitwa Karisa. Nina miaka thelathini na tisa, nakaa Changamwe, na kazi yangu ni kushona viti vya magari, hasa malori. Kibanda changu kiko kando ya barabara ambapo matrela hupanga foleni kwenda bandarini, na dereva aliyechoka kukalia chuma huniachia kiti chake asubuhi akakichukua jioni. Bangi nilianza nikiwa na miaka kumi na minane. Nataka ieleweke kwamba sikuwa yule mvutaji anayehubiriwa makanisani, anayeiba sufuria za mamake. Nilikuwa nafanya kazi. Msokoto mmoja kabla ya kufungua kibanda, mmoja baada ya chakula cha mchana, miwili jioni maskani pamoja na rafiki yangu Swaleh, fundi wa betri. Mshono wangu ulinyooka. Nilioa, nikapata watoto wawili, wakaenda shule wamevaa viatu. Miaka ishirini nilijisifu kwamba bangi hainiwezi, na kila mlevi niliyemwona akipepesuka nilimcheka.

Ugonjwa ulianza wakati wa joto, kaskazi ikielekea kuisha. Nilikuwa nikifungua mkebe wa gundi ya sponji, kazi niliyoifanya maisha yangu yote, mara harufu ikanipanda kichwani nikatoka mbio nikatapika nyuma ya kibanda. Nikailaumu gundi. Nikabadilisha gundi, nikajifunga kitambaa puani, nikawa nafanya kazi hiyo nje upepo ukinipuliza. Haikusaidia. Nilikuwa naamka alfajiri tumbo likiwa limejikunja, natapika maji, kisha nyongo, kisha hakuna kitu ila ile sauti mbaya ambayo mke wangu Sidi anasema bado anaisikia hata mimi nikiwa nimelala vizuri.

Na hapo nikafanya kosa ambalo kila mvutaji angelifanya. Bangi hutuliza tumbo na kuleta njaa, nani asiyejua? Miaka yote ndivyo ilivyonifanyia. Basi kichefuchefu kilipozidi, nikaongeza dawa. Misokoto minne ikawa saba. Nilikuwa navuta ili nisitapike, natapika, navuta tena ili nitulie, na sikuona lolote la ajabu katika mzunguko huo.

Benchi la hospitali ya serikali nalijua kwa makalio. Nilikuwa nakwenda na mkebe wa rangi mtupu, wenye kifuniko, nikiutapikia pale foleni. Watu walisogea. Mama mmoja alimfunika mtoto wake uso kwa leso, nami sikumlaumu. Kulikuwa na askari wa mlangoni, mzee wa Kikamba, ambaye baada ya mara ya tatu alianza kuniwekea nafasi pembeni karibu na dirisha, akiniita fundi mbele ya watu wote. Hakuwahi kuniuliza ninaumwa nini. Mtu akiwa anatoa nyongo kwenye mkebe wa rangi, kuitwa fundi ni jambo kubwa.

Waliniambia ni vidonda vya tumbo. Nikameza vidonge vya vidonda vya tumbo mpaka vikaisha, nikaacha pilipili, nikaacha maharagwe, nikaacha chai ya rangi. Niliacha kila kitu isipokuwa kile kimoja. Nikatundikiwa dripu mara mbili. Nikapitishwa mpira wenye kamera kooni, na aliyenipitisha akaniambia tumbo langu ni zima kabisa. Kuambiwa mzima nawe unakwisha ni kama kutukanwa. Mshipi niliutoboa matundu mawili mapya kwa msumari wa kazini. Pete ya ndoa ilianguka nikinawa uso, Sidi akaiokota akaiweka kabatini.

Masika ilipoanza akaja shangazi Mbeyu.

Shangazi Mbeyu ni dada wa baba yangu. Aliachika zamani akarudi kwao, kule upande wa Kaloleni, na baba alipokuwa hai alimpa kiwanja palepale bomani kwetu, akajengewa nyumba ya udongo na makuti. Mama aliponizaa aliugua sana, na aliyenibeba mgongoni mpaka nikaota meno ni shangazi. Ana ugoro wake anaoufunga kwenye pindo la leso, na ulimi usiombembeleza mtu. Alisikia ninaumwa, akaja Changamwe na nazi sita na mchele wa shambani. Aliponiona akamwambia Sidi abandike maji.

Aliniketisha kwenye beseni la kufulia, mimi mtu mzima, akanimiminia maji ya moto tumboni na mgongoni kwa kata ya kifuu, huku akinikanda kwa kitambaa, kama anavyokandwa mwanamke aliyejifungua. Wapangaji wenzetu walicheka pale uani. Nami nilikuwa nimejiandaa kuona haya, lakini haya haikupata nafasi, kwa sababu kichefuchefu kilikatika. Kwa mara ya kwanza tangu kaskazi, kilikatika. Nililia ndani ya lile beseni.

Alikaa siku tatu, akinikanda asubuhi na jioni. Siku ya kuondoka, Sidi akiwa dukani, alichukua shati langu kwenye kamba ya nguo akalinusa.

"Hii si harufu ya gundi, Karisa," akasema. "Mimi ni mzee, si mjinga. Ukienda kwa daktari mwambie unavuta. Mficha uchi hazai."

Nikamwambia nitamwambia. Akalikunja shati, akaliweka juu ya kiti, akaenda zake.

Maji ya moto yalibaki. Yakageuka kuwa ugonjwa mwingine. Nilikuwa nayataka mara nne kwa siku, kisha sita, kisha nane, na kila mara moto zaidi, mpaka ngozi ya tumbo ikawa na mabaka mekundu na baadaye meusi. Sidi hupika mahamri na mbaazi asubuhi kuuza. Jiko lake likawa la maji yangu, mahamri yakasimama. Na maji yenyewe Changamwe hayaji kila siku. Alikuwa akiyabeba, akiyachemsha, akiyapoza kidogo kwa kiganja, akinimwagia, mgongo wake ukimuuma. Bafu ni moja kwa vyumba sita, na majirani waliokwenda kazini bila kuoga walianza kugonga mlango kwa teke. Sidi alikuwa anawaomba radhi kwa niaba yangu. Mimi nilikuwa ndani, navuta.

Kusi ikivuma, mama akaja kutoka nyumbani kunipeleka hospitali mwenyewe. Mama ni kiongozi wa akina mama kanisani kwake, na hata kwenye foleni ya hospitali huenda amevaa kilemba cheupe cha Jumapili. Siku hiyo tuliingia kwa daktari mpya, binti wa bara, mwembamba, Kiswahili chake cha harakaharaka. Alisoma karatasi zangu zote, jambo ambalo wengi hawakulifanya. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ukioga maji moto, unaskia nafuu?"

Hakuna aliyemwambia habari za maji. Mama akajibu kabla yangu, kwa furaha, kwamba ndiyo, anaoga mchana kutwa. Daktari akaweka kalamu chini akanitazama.

"Unavuta bangi?"

Hapa ndipo ningependa kuandika kwamba nilisema kweli. Sidi alijua ninavuta, Swaleh alijua, mtaa mzima ulijua. Mama pekee ndiye aliyejifanya hajui, nami nilijifanya sijui kwamba anajua, na tulikuwa tumeishi hivyo miaka ishirini kwa heshima. Nilimtazama na kilemba chake. Nikasema, "Hapana, daktari. Sijawahi."

Daktari akavitazama vidole vyangu, vyenye rangi ya kahawia kwenye ncha. Hakubisha. Akaniandikia sindano ya kuzuia kutapika, na nilipokuwa nainuka akaniambia taratibu kwamba nikikumbuka lolote nirudi, hata peke yangu. Nilitoka pale nikijua ninachoumwa. Nataka msomaji alishike hili vizuri, kwa sababu yote yaliyofuata yalifuata mimi nikiwa najua.

Mama naye alitoka na lake. Hospitali zimeshindwa, alisema, basi huu si ugonjwa wa hospitali. Akaenda Kisauni kwa nabii mmoja anayesifiwa na wenzake wa kanisani. Sidi alikwenda naye, na ndiye aliyenisimulia. Nabii alimhoji mama muda mrefu sana kabla ya kufunuliwa: ugonjwa ulianza lini, nani alikuja kumwona mgonjwa, alikuja na nini, alimfanyia nini. Mama akaeleza yote, nazi, mchele, beseni, kata ya kifuu. Ndipo nabii akafumba macho akaona mwanamke mwenye mvi, wa damu ya baba, aliyeingia na kitu mkononi. Madaktari wote wameshindwa, akasema, huyu bibi kizee ajuaje la kumtuliza mgonjwa? Aliyejua kufungua ndiye aliyefunga.

Kumbe mtu mmoja tu ndiye aliyenipa nafuu, na nafuu hiyo ikawa ndiyo ushahidi dhidi yake.

Mwezi wa nane nikapelekwa nyumbani Kaloleni kwa kikao. Walinilaza mkekani kivulini, mkebe wangu pembeni. Ndugu yangu mkubwa Kahindi ndiye aliyeongoza maneno. Tangu baba afariki yeye ndiye baba. Wazee walikaa vitini, shangazi Mbeyu aliketi chini peke yake, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Kahindi akaniuliza swali moja tu: ni nani aliyekuogesha maji ya moto ukapata nafuu?

Nikasema, "Ni shangazi."

Minong'ono ikapita. Shangazi hakupiga kelele, hakuapa. Aligeuza kichwa akanitazama mimi tu, kama tuko wawili pale uani.

"Karisa," akasema. "Waambie."

Maneno mawili. Nilijua anachotaka niwaambie, naye alijua kwamba najua. Mama alikuwa amesimama nyuma ya Kahindi na kilemba chake cheupe. Nikajigeuza upande, nikavuta mkebe, nikatapika. Kusema kweli sikuwa na kichefuchefu wakati ule. Nilijitia kidole.

Walimpa mpaka Jumapili awe amehama. Kahindi na binamu zangu hawakungoja. Jumamosi walipanda wakaanza kushusha makuti, yeye akiwa bado ndani anakusanya vitu. Binti yake Kache, anayekaa Likoni, alikuja kumchukua. Shangazi alitoka na jiko, leso mbili na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Alipita karibu na mkeka wangu. Nilikuwa nimefumba macho.

Sasa sikiliza jinsi mambo yanavyoweza kumchezea mtu. Nilibaki kule nyumbani siku kumi na mbili ili nabii aje kuombea boma. Kule sikuwa na bangi. Nilitapika siku tano za mwanzo, nikatoka jasho, nikawapigia watu makelele; siku ya tisa nikaomba uji; siku ya kumi na moja nikala wali na samaki. Mama alipiga vigelegele. Wanakijiji walikuja kuniangalia nikila. Si mnaona? Mchawi kaondoka, mtu kapona. Hata mimi, naeleza hili kwa aibu, kuna asubuhi moja niliamini. Ilikuwa rahisi sana kuamini. Nilipokuwa nakula wali, niliuona ukuta wa udongo wa ile nyumba isiyo na paa, nikajiambia pengine ni kweli alikuwa yeye.

Nikarudi Changamwe mzima. Swaleh akafurahi kuniona, "Wallahi nilidhani tutakuzika," akasema, akatoa msokoto. Tukavuta kushukuru. Wiki ya tatu nikawa nyuma ya kibanda, magoti chini, natapika nyongo.

Habari zilifika nyumbani kabla sijakauka mdomo. Kahindi akanipigia simu. Alizungumza kwa upole, kama anayepanga kazi ya shamba. Alisema walikosea kumwacha aende, kwamba anaendelea kufanya mambo yake akiwa Likoni, kwamba yeye na wenzake wawili wanajua chumba cha Kache kilipo. Nisiwe na wasiwasi, akasema, watalimaliza.

Kule kwetu wazee wenye mvi wameuawa kwa maneno mepesi kuliko hayo. Kila mtu anajua. Niliketi kwenye kiti cha lori nilichokuwa nakishona, sindano mkononi. Nilikuwa naogopa kwamba shangazi Mbeyu atakatwakatwa kwa panga kwa sababu mimi sikutaka mama yangu ajue ninavuta.

Nilimwambia Kahindi palepale. Nikasema ni bangi, daktari aliniuliza nikadanganya, navuta tangu shuleni, shangazi hana kosa. Akacheka. Akasema mchawi amenilisha maneno. Nikamwambia akikanyaga Likoni mimi mwenyewe ndiye nitakayempeleka polisi, ndugu yangu wa tumbo moja, akakata simu. Nikampigia Kache nikamwambia ahame chumba siku hiyohiyo. Hakuniuliza kwa nini. Alijibu tu kwamba walishahama.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye benchi, peke yangu. Yule askari akaniwekea nafasi yangu ya dirishani. Nilimngoja yule binti wa bara mpaka adhuhuri, na nilipoingia sikukaa hata chini, nikasema ndiyo, navuta, miaka ishirini, misokoto saba kwa siku. Hakuonyesha kushangilia. Aliniambia kuna wengi kama mimi, kwamba dawa ni kuacha tu, kwamba nitapita pabaya wiki kadhaa na tumbo litachukua muda kuamini, na nikivuta hata mmoja tunaanza upya. Kisha akaniuliza kama nina mtu nyumbani. Nikasema ninaye, ingawa sikuwa na uhakika.

Sidi alinisikiliza yote, hata habari ya kidole. Hiyo hakuijua. Aliyekuwa amenibebea maji miezi yote hiyo akiamini kweli nimerogwa, au akijilazimisha kuamini, alikaa kitandani akaniangalia kama mgeni.

"Ukivuta tena nitakwenda kwetu," akasema. "Na si kwa ajili ya bangi. Ni kwa ajili ya yule mama."

Akaichukua bangi iliyobaki akaitumbukiza chooni.

Wanaosema bangi haina uraibu hawajaiacha. Wiki ya kwanza sikulala. Nilitoka jasho mpaka godoro likawa na umbo langu. Ulimi ulikuwa na ladha ya chuma, chakula kilinuka, sauti za watoto zilinikera mpaka siku moja nikatupa sahani ya ugali ukutani kwa sababu binti yangu alikuwa anaimba. Watoto wakahamia chumba cha jirani kucheza, wakawa hawarudi mpaka waitwe. Mikono ilitetemeka, mshono ukapinda. Dereva mmoja alinirudishia kiti nilichomshonea akanionyesha mshono kwa kidole. Mimi niliyewacheka walevi. Na ndoto zikarudi. Miaka ishirini sikuwa nikiota, bangi huzizima, sasa zikaja zote pamoja, na nyingi zilikuwa za makuti yakishushwa, moja baada ya moja, na kila kuti lilikuwa linaangukia mkekani kwangu.

Swaleh alikuja mara mbili na msokoto wake wa wema. Mara ya pili nilimtukana, akaondoka ameumia, na mpaka leo tunasalimiana kwa mbali. Namkosa. Sitasema uongo, na bangi yenyewe naikosa, hasa saa kumi jioni jua linapolegea na kazi ya siku imesimama vizuri. Usimwamini anayekwambia hamu huisha. Hupungua, kisha siku isiyo na sababu hukujia imevaa nguo mpya.

Siku ya kumi na sita nilianza kutapika upya, bila kuvuta chochote, nikatundikiwa dripu siku mbili. Hapo karibu nikate tamaa. Kama ni bangi na nimeiacha, mbona? Nilimwona mama, ambaye Kahindi alishamsimulia, akiingia wodini na nikaona usoni mwake kitu kama ushindi. Anaumwa tena, basi si bangi. Yule daktari alisema ni tumbo linaloiaga bangi. Nilimwamini kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwamini ila Kahindi.

Ilikuwa kweli. Vuli ilipoanza kunyesha nilitapika mara moja tu kwa wiki, kisha kwa wiki mbili, kisha asubuhi moja nikaamka na nikajikuta nangojea kichefuchefu kama mtu anavyomngojea mgeni msumbufu, na hakikuja. Sidi alikuwa amerudi kwenye mahamri. Alinipa moja na mbaazi kwenye sahani ndogo, akaendelea kukaanga, mgongo amenipa. Nikala. Nikamwomba la pili, naye akalileta bila kugeuka, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mama nilimwambia kwa mdomo wangu, chumbani kwake, mlango umefungwa. Nilidhani atalia. Alipapasa kilemba chake.

"Basi umeacha, umepona, Mungu ashukuriwe," akasema. "Usimwambie mtu."

"Na shangazi?"

"Nyumba imeshavunjwa, mwanangu. Sasa ukisema ni bangi, sisi tutaitwa nani?"

Nampenda mama yangu. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara tatu, nimeamua ibaki.

Krismasi tulikuwa wote nyumbani, nikasimama baada ya chakula nikasema mbele ya watu wote. Sikuacha kitu: vidole vya kahawia, daktari, kidole cha mdomoni pale mkekani. Kisha mzee mmoja, ami yangu, mtu ninayemheshimu, akakohoa akauliza, na hiyo bangi nani aliyekutumia? Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kumbe hata bangi hutumwa. Kahindi aliinuka akaenda kuwaangalia mbuzi. Hajaenda Likoni. Sijui kama ni kwa sababu aliniamini au kwa sababu nimepona na hana tena sababu, nimeacha kuuliza.

Kwa wewe unayesoma haya na mkebe wako pembeni: mwambie daktari. Ukiwa na mtu chumbani unayemwonea haya, mwombe atoke. Haya ninayosema ni madogo na yangetosha. Watu husema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi sikufa. Nilificha maradhi yangu, na aliyeyalipia alikuwa mwingine.

Masika ilipoanza tena, nikiwa na miezi saba bila kuvuta, Kache alikubali niende. Walikuwa wamehamia chumba kingine hukohuko Likoni, ndani kabisa ya mitaa, nikaelekezwa kwa simu kona kwa kona. Shangazi Mbeyu alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchicha. Sikumtambua mara moja. Mvi zake zote hazikuwepo. Alikuwa amezipaka piko, nywele nyeusi tititi juu ya ule uso wa kizee.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akaniangalia kuanzia miguuni. "Unakula?"

"Nakula."

"Unavuta?"

"Nimeacha. Mwezi wa saba huu."

"Vizuri," akasema, akaendelea na mchicha wake.

Nilipiga magoti pale mlangoni nikamwomba msamaha. Nilimwambia nitamjengea nyumba nyingine, ya mabati, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza nitamjengea wapi, kwa hao waliobomoa? Akanyanyuka kwa kushika mlango, akaingia ndani kupika chai, akaniambia niingie nikae, nisije nikanyeshewa.

Chai ilikuwa ya maziwa na tangawizi, ile aliyokuwa akinipikia tangu nikiwa mdogo. Akamimina kikombe kimoja. Kabla ya kunipa akakiinua akanywa yeye kwanza, funda kubwa, nikamwona akimeza, kisha akafungua mdomo kidogo kunionyesha, kama mtoto aliyenyweshwa dawa. Ndipo akanisogezea.

"Shangazi," nikasema, "mimi huna haja ya kunionjea."

"Najua," akasema. "Hata wajukuu nawaonjea siku hizi. Kunywa, isipoe."